Gozi iliyogandia kidonda: namna ya kuibandua bila kung'oa ngozi changa

Binti wa jirani yangu hapa Tandika alishuka vibaya kwenye bodaboda, kigimbi kikagusa bomba la moshi. Siku ya nne alikuja kwangu akilia, gozi, yaani kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, imegandia kidonda. Mimi ni muuguzi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliivuta gozi ya namna hiyo kwa mkupuo mmoja, na kidonda kilichokuwa kinafunga kikatoka damu upya. Sijasahau.

1. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, funika yapoe. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu.

2. Lowanisha, na usiwe na haraka. Mimina maji ya chumvi mpaka gozi iwe chapachapa, subiri dakika 10. Inua kona moja. Ikivuta ngozi, irudishe, mimina tena. Bandua kutoka pembeni kuelekea katikati, gozi ukiilaza karibu na mguu badala ya kuinyanyua juu, huku kidole kimeshikilia ngozi. Kwa binti yule ilichukua karibu saa nzima. Sehemu isiyoachia kabisa usiilazimishe. Nenda nayo zahanati.

Sababu ni hii: siku moja hivi baada ya kuumia, keratinosaiti, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, zilizo ukingoni mwa kidonda huachana na wenzake, hujilaza bapa na kuanza kutambaa kuelekea katikati. Kidonda kisipokuwa kimezama sana, nyingine hutoka kwenye mashina ya vinyweleo, ndiyo maana unaona visiwa vidogo vya ngozi katikati. Safu hiyo ni nyembamba mno. Gozi kavu hushikana na majimaji ya kidonda, na ukiivuta unaondoka na seli zenyewe.

Ndiyo maana pia siukubali ushauri wa "kiache kipigwe upepo". Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa vikauke. Chini ya kigaga kigumu seli hulazimika kujichimbia njia.

3. Osha kwa maji yaleyale. Spiriti na ile dawa inayotoa povu (haidrojeni peroksaidi) ziache dukani, huua seli changa pamoja na vijidudu.

4. Paka mafuta ya mgando safi kwenye gozi mpya, funika.

5. Usaha, harufu, homa, au joto na uvimbe unaosambaa: zahanati siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asijitibu nyumbani. Ulizia na sindano ya pepopunda.

Ngozi mpya ikitoka nyeupe au ya waridi, usipake krimu ya kurudisha rangi. Melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi, huchelewa kufika. Ikinge na jua, uzisubiri.