Somo: Kupata mchanga wa ujenzi kwenye mabaki ya mgodi

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inakadiria kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 hivi za mchanga na kokoto kwa mwaka, na sehemu kubwa hukombwa mitoni na machimboni. Wakati huohuo migodi inarundika mabaki, yaani mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa madini. Baadhi yanafaa kujengea, mradi usianze na chekeche. Anza na maabara.

Hatua ya 1: Ujue mwamba. Mabaki ya madini ya chuma yenye kwatzi (madini magumu ya mchanga wa kawaida) nyingi hayasumbui sana. Ya dhahabu na shaba ndiyo ya kuogopa: yanaweza kuwa na sumu kama aseniki na sianidi, au pairaiti (madini ya chuma na salfa). Pairaiti ikipata hewa na maji hutoa asidi, na ikiwa ndani ya zege huvimba, ikaacha madoa ya kutu na nyufa. Pima salfa, metali nzito, na kama sumu inatoka mabaki yakilowa. Chota sampuli sehemu mbalimbali za bwawa linalomwagiwa mabaki, kwa sababu chembe nene hutua karibu na bomba la kumwagia, tope laini likaenda mbali.

Hatua ya 2: Toa tope. Adui ni chembe zilizo chini ya mikroni 75 (milimita 0.075). Mtamboni hutumika haidrosaikloni: maji huzungushwa kwa kasi, chembe nene zikashukia chini, tope likatokea juu. Saiti, tia mchanga kwenye chupa ya kioo yenye maji ya chumvi kidogo, tikisa, uache kwa muda wa saa 3. Tabaka la tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osha tena.

Hatua ya 3: Rekebisha ukubwa. Mabaki mengi ni laini mno. Changanya na vumbi la kokoto lipitalo chekeche la milimita 4.75.

Hatua ya 4: Jaribu. Badilisha asilimia 20 tu ya mchanga wa kawaida kwanza, mwaga vipande vya zege, vivunje siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, zege langu lilikuwa kavu, nikaongeza maji. Kuna shida?*
Ipo. Chembe za kusagwa zina kingo kali, kwa hiyo zege huwa zito kufanyia kazi. Tumia dawa ya kulainisha zege. Maji ya ziada yanaua nguvu.

*Tuna rundo la zamani lililotumiwa zebaki. Tukiliosha vizuri?*
Msiliguse. Mtaihamishia zebaki kwenye maji mnayomwaga, na wanaoosha ndio watakaoanza kuumia.

*Mabwawa yataisha?*
Hapana, tope lililotolewa bado linahitaji pa kukaa, ila kiasi kinapungua. Kampuni ya Vale, kwenye mgodi wa Brucutu huko Brazili, hutenga mchanga mtamboni kabla haujafika bwawani. Kwa mgodi unaoendelea, mimi ningefanya hivyo; kufukua bwawa la zamani ni kazi ya wahandisi, kwani ukuta wake unaweza kubomoka.