Kutamka Pattaya na miji ya jirani kwa mdomo wa Kiswahili

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtu wa Dodoma akiliona neno Pattaya, jina la mji wa pwani wa Thailand, hulisoma pa-TA-ya bila kufikiri. Wazungu wengi wanaoishi kwenye mji huo husema pa-TAI-ya. Wenyeji hawasemi hivyo wala vile. Wao husema phat-tha-yaa: silabi ya kwanza ni fupi na sauti iko juu, ya pili hupita haraka, ya tatu huvutwa kama "aa" ya "saa". P na ile t ya pili hutoka na pumzi.

Wanaokwenda huko kutoka kanda hii ni wa aina nyingi. Yuko anayefuata matibabu Bangkok, anayekwenda kusoma, anayetaka kuona bahari, na mtu wa vito. Rubi za Winza, Mpwapwa, zilipovuma sokoni mwaka 2008, wanunuzi kutoka Thailand walizifuata hukohuko, na soko lao kubwa la vito liko Chanthaburi. Barabara ya Sukhumvit hutoka Bangkok ikapita Chonburi, Pattaya na Rayong kabla ya kufika Chanthaburi. Mfanyabiashara na mtalii wako njia moja, na Pattaya iko kama kilomita 150 kutoka Bangkok, mwendo wa saa mbili hivi.

Lipi la kuchukua kwa wageni wanaoishi huko

Wageni waliohamia Pattaya hawakubaliani juu ya mji wao. Wapo wanaousifu kwa kuwa maisha ni nafuu, hospitali ziko karibu, chakula kipo usiku kucha na Bangkok si mbali. Wapo waliochoshwa na kelele za baa, foleni, na maji yanayojaa barabarani mvua kubwa ikinyesha, hasa Septemba na Oktoba. Wengi wa kundi hili la pili hawahami mji, wanahama mtaa: Jomtien kusini, Naklua kaskazini, mlima wa Pratumnak katikati, au mashariki ya barabara ya Sukhumvit, eneo ambalo wageni wenyewe wanaliita Upande wa Giza. Kwa maji safi ya kuogelea watakuambia upande boti kwenye gati la Bali Hai uende kisiwa cha Ko Lan, kama dakika 40 hadi 45.

Haya yote ni ya kusikilizwa, maana wameyaishi. Matamshi yao usiyachukue. Mtu anaweza kukaa Pattaya miaka 15 akisema pa-TAI-ya na asisahihishwe hata siku moja, kwa sababu wenyeji wa mji wa watalii wamejifunza kuyaelewa makosa ya wageni. Wengine hujitetea kwamba kila lugha ina jina lake kwa kila mji, na hoja hiyo ina uzito ukiwa unaongea Kiingereza. Ukiwa sokoni Chanthaburi na mzee aliyezoea Kithai peke yake, haikusaidii.

Mswahili anaanza akiwa mbele ya Wazungu hao kwa mambo mawili na nyuma kwa moja. Ng' anayo tayari, na urefu wa irabu anaujua kwenye "kaa", "paa" na "saa". Tatizo lake kubwa ni mwisho wa neno.

Pumzi: kuku na yai

Katika maandishi ya Kilatini ya Kithai, h baada ya p, t au k ni alama ya pumzi tu. Ph si f, kwa hiyo jina la kisiwa cha Phuket halianzi kama "fupi". Th si th ya "thelathini", na kh si kh ya "kheri". Ni p, t na k za kawaida zinazosukumwa na hewa. Zikiandikwa bila h, hewa hiyo haipo, ila tahajia iliyozoeleka ya Pattaya haifuati kanuni hii.

Waswahili wa pwani wanaijua tofauti hii hata kama hatuiandiki: paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, paa mnyama kwa pumzi. Huku Dodoma wengi wetu tunayasema sawa, ila majina ya Kigogo yameihifadhi pumzi ya namna yake. Angalia tahajia ya Ng'hong'honha, kata iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Zile h zimewekwa kwa sababu kuna hewa inayopita, na mgeni akizimeza mwenyeji husikia.

Kata ukanda wa karatasi laini, upana wa vidole viwili, uushike mbele ya midomo kwa umbali wa upana wa kiganja. Sema "kai" karatasi isitikisike. Sasa sema "khai" karatasi iruke. La kwanza ni kuku, la pili ni yai. Sauti ya yote mawili iko chini, irabu ni ileile, kinachoyatenganisha ni hewa peke yake. Ndiyo maana ukiagiza khao phat kai utaletewa wali wa kukaanga wenye kuku, na pumzi ikikuponyoka kwenye neno la mwisho utaletewa wenye mayai. Jozi nyingine ya mezani ni phet, yenye ukali wa pilipili, na pet, bata. Mai phet ni ombi kwamba chakula kisiwe kikali. Mai pet ni kama kusema "siyo bata", na pilipili itakuja kama kawaida.

Usizidishe. Kosa la pili baada ya kuikosa pumzi ni kuiweka kila mahali, na Krabi ikageuka "Khrabi". K ya Krabi ni kavu, kavu kiasi kwamba Waingereza huisikia kama g.

Mwisho wa neno

Maneno yetu huishia na irabu, na la kigeni tunaliongezea: benki, baiskeli. Mdomo uliozoea hivyo husema Phuketi na Bankoki, na Mthai husikia silabi nzima ambayo haikuwapo. Tena p, t na k za mwisho hazilipuki. Ulimi au midomo hufunga njia ya hewa na kubaki palepale.

Jifunze kwa maneno ya nyumbani. Anza kusema "hapana" usimame midomo ilipofumba kwa p, usiifumbue: hap. Hiyo ndiyo p ya mwisho ya Krung Thep, jina ambalo Wathai wenyewe huiita Bangkok. Anza kusema "kata" usimame ulimi ulipogusa ufizi: kat. Hiyo ni t ya Phuket, phuu-ket. Anza "paka", simama kabla k haijaachia: pak. Hiyo ni k ya mwisho wa Bangkok. Mwenzako akiwa hatua tatu kutoka kwako asisikie chochote baada ya irabu.

Silabi ya kwanza ya Pattaya inafungwa na t ya aina hiyo. Ulimi unagusa, unatulia kidogo, kisha ndipo "tha" inatoka na pumzi yake.

Ng ya Kithai daima ni ng' ya ng'ombe, kamwe si ng ya ngamia. Ng'aan ni kazi, ng'uu ni nyoka. Kisiwa cha Ko Pha-ngan ni pha-ng'an, ingawa wageni wengi husema pan-gan. Mtu aliyekua akiitaja Chang'ombe hana cha kujifunza hapo. Ugumu wake huja ng' ikiwa mwisho, kama Rayong: malizia na ng' uache, usitie g wala irabu.

Sauti kupanda na kushuka

Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, inayoshuka, ya juu, inayopanda. Kiswahili hakitumii toni kutenganisha maneno, lakini lugha nyingi za Kibantu hutumia, Kigogo kikiwamo, na mwenye lugha hiyo nyumbani asijione anaanza sifuri.

Kosa letu kubwa hapa ni swali. Kwa Kiswahili tunauliza kwa kupandisha sauti tu: "Mbali?" Kithai hakikuachii nafasi hiyo, kwa kuwa kupandisha sauti kunaweza kulifanya neno kuwa jingine. Swali huwekewa neno lake mwishoni, mai, na hilo ndilo linalopanda. Mengine yote yabaki na toni zake.

Mfano utakaokugusa barabarani ni klai. Ukiisema tambarare ni mbali. Ukiianza juu ukaishusha ni karibu. Maana mbili zinazopingana, na msafiri anayehangaika na mizigo hupandisha na kushusha sauti bila kujua. Ushauri wetu ni kuikwepa kabisa mpaka toni zikukae. Uliza kii kiloo, kilomita ngapi, upate jibu la namba.

Wasiokula nguruwe wajue mai sai muu, usiweke nguruwe. Mai hii ni ya kukana, kama ya mai phet, nayo hushuka, si ile ya swali. Muu hupanda kama swali la Kiswahili, na ukilisema tambarare halisikiki sawasawa.

Herufi zinazodanganya

Uwanja wa ndege mkuu wa Bangkok huandikwa Suvarnabhumi. Tahajia hiyo imefuata Kisanskriti, na mdomo haufuati hata nusu yake: su-wan-na-phuum. V ni w, r imepotea, bh ni p yenye pumzi, i ya mwisho haisomwi. Vivyo hivyo Sukhumvit ni su-khum-wit. Kithai hakina v kabisa.

Ko Lan utaikuta imeandikwa Koh Larn. H na r hizo ziliwekwa kumsaidia msomaji wa Kiingereza, na ile r ni ya kurefusha a tu. Mswahili huisoma r kwa ulimi wote na kulivunja neno. Sema ko laan. Ch nayo hubeba sauti mbili: ya Chonburi ina pumzi, ya Chanthaburi haina. Jomtien ni hiyohiyo ya pili, nayo huandikwa pia Chomthian.

Naklua ina irabu ambayo hatuna. Tandaza midomo kama unayesema "i", halafu sema "u" bila kuiviringa, umalizie na a: naa-klua. Itachukua siku kadhaa.

Angalia pia Pattaya Tai. Haina uhusiano na jina la nchi. Tai, bila pumzi na sauti ikishuka, ni kusini. Barabara kuu za mji ni Pattaya Nuea, kaskazini, Pattaya Klang, kati, na Pattaya Tai. Wageni huzitaja kwa Kiingereza, na dereva asiyekijua hubaki akikisia.

Adabu

Aliyelelewa kwenye shikamoo hatapata shida. Mwanamume humalizia sentensi kwa khrap, mwanamke kwa kha. Mtaani r ya khrap mara nyingi haisikiki, na p ni ile ya midomo iliyofumba. Aliyekuzidi umri kidogo ni phii, mdogo wako ni nong'. Mama anayeuza chakula, wa umri wa shangazi yako, ni paa, bila pumzi, sauti ikishuka. Ukitia pumzi umemwita kitambaa.

Kujipima kwa simu

Dakika 15 kwa siku kwa wiki mbili zinatosha kwa majina haya. Ongeza Kithai kwenye kibodi ya simu, bonyeza maikrofoni, useme neno moja. Si lazima ujue kusoma, linganisha umbo la herufi ya katikati: kuku huandikwa ไก่, yai huandikwa ไข่. Usiendelee na neno jingine mpaka simu ikupe ulilolikusudia mara tano mfululizo. Simu hukosea neno likiwa peke yake, kwa hiyo jaribu pia sentensi nzima, khao phat kai, kabla ya kujilaumu. Rekodi sauti yako ukisema Phuket, Bangkok, Krung Thep, kisha sikiliza kama kuna irabu imejipenyeza mwishoni. Kwa kawaida ipo, hasa siku za kwanza.

Ukifika, mahali pazuri pa kuanzia ni songthaew, pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambazo wazee wa Dar wangeziita chai maharage. Jina lenyewe ni song thaeo, safu mbili, zote kwa sauti inayopanda. Kwenye njia zake za kawaida usiulize bei, maana ukiuliza dereva huchukulia unakodi gari zima. Panda, kaa, bonyeza kengele ya darini unapotaka kushuka, mpe dereva nauli dirishani ukiwa na sarafu kamili, useme khop khun khrap au khop khun kha.