Skolashipu ya Chuo Marekani: Hesabu ya Msaada wa Masomo na Kodi, Hatua kwa Hatua

Kusanya kwanza barua ya skolashipu, bili za chuo za mwaka mzima wa kalenda, risiti za vitabu na Fomu 1098-T, taarifa ya ada na skolashipu ambayo chuo huitoa kufikia mwisho wa Januari.

Hatua ya 1: Kijulishe chuo mapema

Skolashipu ya nje, iwe ya taasisi, kanisa, msikiti au chama cha Waafrika Mashariki mjini kwenu, lazima ofisi ya misaada ya kifedha iijue. Ukikaa kimya, hundi itaingia katikati ya muhula, chuo kitapunguza msaada kilichokwisha kuutoa, na mwanafunzi ataletewa bili asiyoitarajia.

Tuseme gharama yote ya mwaka ni dola 30,000, na SAI, kile kipimo cha uwezo wa familia kinachotokana na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ni 5,000. Mahitaji, yaani gharama ukitoa SAI, ni 25,000. Chuo kimetoa ruzuku ya 15,000, mkopo wa serikali usio na riba wakati wa masomo 3,500, na kazi za chuoni 2,500. Jumla ni 21,000. Pengo ni 4,000. Ikija skolashipu ya 6,000, dola 4,000 zitaziba pengo, na 2,000 zilizozidi lazima zikatwe mahali fulani. Hapo ndipo pa kupigania. Omba kwa maandishi zikatwe kwenye mkopo au kazi, ruzuku isiguswe. Chuo kikikataa, muulize mfadhili kama sehemu ya fedha inaweza kulipwa mwaka unaofuata.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachotozwa kodi

Kwa anayesomea shahada, fedha zilizolipia ada, michango ya lazima, na vitabu na vifaa ambavyo somo linavitaka kwa kila mwanafunzi hazitozwi. Zilizolipia chumba, chakula na nauli hutozwa. Malipo ya kufundisha au kusaidia utafiti kwa kawaida huhesabiwa kama mshahara, hata yakiitwa skolashipu.

Kwenye 1098-T, kisanduku cha 5 kinaonyesha skolashipu, tuseme 18,000. Cha 1 kinaonyesha ada na michango, 12,600. Wengi hutoa moja kwa nyingine, wakapata 5,400 na kuzitangaza zote. Vitabu vilivyonunuliwa dukani havimo kwenye fomu hiyo. Risiti za dola 900 zinashusha hesabu hadi 4,500. Mkazi wa kikodi, yaani anayehesabiwa mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, huziandika kwenye Schedule 1, kiambatisho cha ritani (tamko lake la kodi la mwaka), mstari wa 8r.

Hatua ya 3: Angalia nafuu ya American Opportunity

Nafuu hii ya kodi hurudisha asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za gharama za masomo na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata, yaani hadi 2,500, kupitia Fomu 8863. Gharama zilizolipwa na skolashipu isiyotozwa kodi hazihesabiwi.

Ada ikiwa 10,000 na skolashipu 8,000, mzazi anabaki na gharama za 2,000 na nafuu ya 2,000. Lakini kama masharti ya skolashipu yanaruhusu kulipia chumba na chakula, na gharama hizo zipo kweli, mwanafunzi anaweza kutangaza 2,000 kama mapato yake. Gharama za mzazi zinapanda hadi 4,000 na nafuu inafika 2,500. Mwanafunzi asiye na mapato mengine halipi kodi ya serikali kuu kwa kiasi hicho. Skolashipu iliyofungwa kwa ada pekee haiwezi kufanyiwa hivi.

Hatua ya 4: Wenye viza ya F-1 (wanafunzi wa kigeni)

Hawapati msaada wa serikali kuu. Asiye mkazi wa kikodi hukatwa asilimia 14 ya sehemu inayotozwa, na makato huonekana kwenye Fomu 1042-S. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo hakuna msamaha wa kudai huko. Kwa dola 4,500 atakatwa 630, ilhali kodi halisi ya asilimia 10 ni 450. Dola 180 hurudishwa akipeleka Fomu 1040-NR, ritani ya asiye mkazi; asipopeleka, hazirudi. Fomu 8843, taarifa ya asiye mkazi kuhusu kukaa kwake Marekani, hupelekwa hata na asiye na mapato.

Hatua ya 5: FAFSA inayofuata

Skolashipu uliyoitangaza kama mapato itaonekana kwenye ritani ambayo FAFSA huitumia, na inaweza kupandisha SAI. Fomu ina swali la skolashipu na ruzuku zilizotangazwa kwa mamlaka ya kodi. Andika kiasi hicho hapo ili kiondolewe kwenye mapato. Ukiacha wazi, kitahesabiwa kama mapato ya kawaida.