Una bastola ya kibali na polisi wa Marekani amekusimamisha: fanya hivi

Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaobeba bastola kihalali, ile inayokaa kiunoni chini ya shati, na kwa wanaofikiria kuinunua. Walioko Uingereza hauwahusu sana, maana huko raia wa kawaida alikatazwa karibu kila aina ya bastola tangu 1997. Ninaandika nikiwa likizo nyumbani Dodoma, mtaa wa Ipagala. Huku ndiko wengi wetu tulikojifunza namna ya kukaa na askari wa barabarani, na mazoea hayo ndiyo yanayoweza kutuponza kule.

Angalia barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Trafiki akinyoosha mkono pale Kibaigwa, dereva wa Noah anaweka gari pembeni, anazima, anashuka. Anamfuata afande kwa hatua za haraka huku mkono mmoja uko mfuko wa nyuma unachomoa leseni. "Habari za kazi, afande." "Njema. Bima iko wapi?" Dereva anarudi mbio, anafungua mlango wa abiria, anainama mpaka kichwa hakionekani, anapekua droo ya dashibodi, anageuka na karatasi mkononi. Hakuna anayeshtuka. Kwetu huo ni ustaarabu, kwa sababu kumwacha afande asimame juani wakati wewe umekaa kitini ni kama kumdharau.

Peleka mwenendo huo huo Texas au Ohio saa tano usiku. Kushuka bila kuambiwa, kumfuata askari, kupeleka mkono mfuko wa nyuma, kuinama chini ya kiti: askari wa Marekani amefundishwa kuona hatari katika kila kimoja. Ukiwa na bastola mwilini, hatari hiyo inakuwa ya kweli, na anayeumia ni wewe.

Kwanza, je, sheria inakuruhusu kuwa nayo?

Kabla ya kufikiria polisi, fikiria viza yako. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 922(g)(5), inamkataza kuwa na bunduki au risasi mtu aliyeko nchini bila hadhi halali, pamoja na wengi walioingia kwa viza za muda. Mwanafunzi wa F-1, mfanyakazi wa H-1B na mgeni wa B-2 wote wamo. Kuna misamaha michache, unaojulikana zaidi ukiwa wa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiutegemee kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Tangu 2022 adhabu ya kosa hili inafika miaka 15 jela, na makosa ya silaha yanaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grini kadi.

Kwa hiyo zile picha za wadogo zetu wanafunzi wakiwa uwanja wa kulenga shabaha, bastola ya kuazima mkononi, zinazotua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kushangiliwa na wajomba kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, zinanitia hofu sana. Sheria haiulizi bastola ni ya nani. Mwambieni mtoto aache, na picha zisiendelee kusambazwa.

Raia na mwenye grini kadi wanaweza kumiliki, mradi hawana kizuizi kingine, kama hukumu ya ukatili wa nyumbani.

Kila jimbo na lake

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayosema lini umwambie polisi kuwa umebeba. Michigan inakutaka useme mara tu unaposimamishwa, bila kusubiri swali. Ukinyamaza, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa miezi 6. La pili, likitokea ndani ya miaka 3, ni dola 1,000 na kibali kufutwa. Mwenye kibali North Carolina naye anatakiwa kujitaja na kuonyesha kibali askari anapomfikia. Texas inamtaka mwenye leseni ya kubeba bastola, akiwa ameibeba, aonyeshe leseni hiyo pamoja na kitambulisho pale askari anapodai kitambulisho. Minnesota inakutaka useme ukiulizwa.

Ohio, ambako ndugu zetu ni wengi hasa Columbus, ilibadilika. Zamani ulilazimika kusema mwenyewe. Tangu Juni 2022 unalazimika kujibu ukiulizwa. Ndiyo maana sipendi mtu aendeshe maisha yake kwa ushauri wa kaka aliyepata kibali miaka ya nyuma. Soma tovuti ya serikali ya jimbo lako, na la kila jimbo unalopita. Kibali nacho hakivuki mpaka kila mahali. New York haitambui kibali cha jimbo lingine lolote, kwa hiyo ukitoka Columbus kwenda harusi ya Mtanzania mwenzako huko, bastola ibaki nyumbani imefungiwa.

Taa zikiwaka nyuma yako

Washa indiketa, punguza mwendo, simama upande wa kulia mahali penye mwanga kama papo karibu. Zima injini. Washa taa ya ndani, shusha vioo vya mbele. Kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimekunjuka, na ikae hapo.

Simu ikate mapema. Wengi wetu tunatoka zamu za usiku kwenye nyumba za wazee saa tano, na Dodoma ni asubuhi, mama ameshaamka, kwa hiyo njia nzima ni maongezi kwenye spika. Sauti ya mtu asiyeonekana ikiongea lugha asiyoielewa itamtia askari wasiwasi, na wewe mkono utakuvuta kwenda kuizima. Mweleze mama siku nyingine, mkiwa mmetulia, kwamba ukikata ghafla asihangaike kupiga tena na tena.

Usitafute karatasi zozote kabla askari hajafika dirishani. Kwa nyuma yeye anaona mabega yako tu yakiinama na kuinuka, na hajui kama unatafuta bima au unaficha kitu. Hapa ndipo maandalizi ya nyumbani yanapookoa. Leseni ya udereva na kibali vikae upande mmoja wa mwili, bastola upande mwingine. Kama bastola iko kiunoni kulia, pochi isikae mfuko wa kulia. Na usajili wa gari na bima visilale kwenye droo moja na bastola hata siku moja. Vibane kwenye kizuia jua juu ya kioo. Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu askari akikuomba karatasi na karatasi ziko jirani na bastola, kumtii tu tayari kunapeleka mkono wako kwenye silaha.

Akifika, msalimie kwa ufupi na useme maneno kama haya: "Habari ya jioni, afisa. Nina kibali cha kubeba silaha na leo ninayo. Mikono yangu iko hapa juu. Ungependa nifanye nini?" Halafu nyamaza. Anza na kibali, si na bastola, maana aliyesikia nusu ya sentensi akiwa barabarani penye kelele za magari ni bora asikie nusu ya kwanza yenye kibali. Usiitaje huku unasogea. Akiuliza iko wapi, jibu kwa mdomo, "kiunoni, upande wa kulia," bila kuonyesha kwa kidole na bila kuinua shati.

Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa mgahawa wa shule mwenye umri wa miaka 32, alisimamishwa na kuambiwa taa ya breki haifanyi kazi. Alikuwa na kibali halali. Alimwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha, ingawa sheria ya jimbo hilo haikumlazimisha kusema kabla ya kuulizwa. Muda mfupi kabla, askari huyo huyo alikuwa amemwomba leseni na bima. Askari alimwambia asiichomoe bastola, Castile akajibu kwamba haichomoi. Risasi 7 zilifyatuliwa kwake, mbele ya mpenzi wake na mtoto wa miaka 4 aliyekuwa kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata askari aliachiwa huru na baraza la mahakama.

Simtaji kuwafundisha kwamba alikosea. Hakustahili kufa. Namtaja kwa sababu alibanwa na amri mbili zinazogongana: toa leseni, na usiguse bastola. Ukijikuta hapo, usichague mwenyewe. Acha mikono usukanini na useme, "Leseni iko mfukoni, karibu na silaha. Sitasogea mpaka uniambie." Rudia kama hakusikia. Utaonekana mkaidi kidogo, na ni sawa.

Maneno haya yafanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, polepole. Wiki iliyopita shemeji yangu anayeishi Texas aliketi kwenye gari hapa uani Ipagala, dada akawa askari, tochi ya simu mkononi. Shemeji alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Dada alipogonga kioo na kusema "leseni," mkono wa kulia wa shemeji ukashuka mfukoni wenyewe, kabla hajafungua mdomo. Walirudia mpaka jua likazama na wapwa wakachoka kucheka, na mwishoni mikono ilibaki juu. Fanyeni hivyo na mkeo au mumeo, usiku, taa zikiwa machoni.

Kama sheria ya jimbo lako haikulazimishi kusema na askari hajauliza, utasikia ushauri wa pande mbili. Wapo wanaosema nyamaza, chukua karatasi ya faini uondoke. Mimi naona hivi: kama itabidi ushuke kwenye gari, au upeleke mkono karibu na bastola, sema mapema. Asiigundue mwenyewe. Katika majimbo kadhaa kompyuta ya askari huonyesha kibali chako akishaingiza taarifa zako, kwa hiyo huenda anajua tayari. Akiuliza, usidanganye kamwe. Kukubali kuwa una silaha hakumaanishi umekubali gari lipekuliwe. Unaweza kusema kwa upole kwamba hukubali upekuzi, ila usimzuie kwa mwili.

Abiria naye akiwa amebeba, sheria za namna hii zinaweza kumgusa pia. Mmoja aongee kwanza, mwingine afuate, mikono ya wote ionekane.

Askari anaweza kuamua kuichukua bastola mpaka mazungumzo yaishe. Usimchomolee umpe. Subiri aichukue mwenyewe au akuelekeze hatua kwa hatua. Mara nyingi huirudisha baada ya kutoa risasi zilizomo. Iweke ilivyo, usiijaze ukiwa bado kando ya barabara naye yupo. Kama ametumia lugha mbaya au amekuonea, andika saa, mahali na namba ya gari lake, upeleke malalamiko kesho yake. Usibishane naye hapo hapo.

Tena kuna hali ambayo wewe ndiye uliyepiga 911, pengine mwizi ameingia ndani. Mweleze anayepokea simu kwamba wewe ni mwenye nyumba, umevaa nini, na kwamba una silaha. Polisi wakifika mlangoni, iwe imeshawekwa chini. Wao hawakujui, wanaona mtu mweusi mwenye bastola.

Unapokuja likizo

Bastola usije nayo. Kibali cha Marekani hakina uzito wowote barabara za Dodoma. Huku umiliki unapitia Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Begi ulilowahi kwenda nalo uwanja wa shabaha usisafiri nalo, au likung'ute kila mfuko mpaka vumbi litoke, kwa sababu risasi moja iliyosahaulika inaweza kukuingiza matatani uwanja wa ndege wa kuondokea, wa kubadilishia ndege, au Dar es Salaam.

Bastola yenyewe ifungie huko huko nyumbani kwako Marekani, kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Kama umemwachia binamu nyumba, na binamu yuko kwa viza ya F-1, usimwachie ufunguo wa kasha wala namba zake. Akikutwa anaweza kuifikia, inaweza kuhesabiwa kuwa anayo. Uliza duka la silaha lililo karibu kama linapokea za kuhifadhi, au mpe rafiki raia ambaye sheria inamruhusu, baada ya kuangalia jimbo lako linataka makabidhiano yafanyikeje.