Habari za halmashauri zifike mtaani kabla uamuzi haujapita

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nje ya kibanda changu nimetundika ubao mweusi, na kila wiki naandika kwa chaki mambo ya mtaa, kata na jiji yanayotuhusu: mkutano uko lini, kambi ya macho iko wapi, maombi ya mikopo ya vikundi yameanza kupokelewa au bado. Maneno yaleyale nayatuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ubao siuachi, kwa sababu wazee wengi wanaopita kwenda msikitini na sokoni hawana simu za kufungua makundi. Watu wa mitaa mingine wananiuliza habari hizi nazipata wapi, nami si mtumishi wala mwandishi. Naeleza hapa ninavyofanya, maana natamani kila mtaa uwe na mtu wa kazi hii.

Kwangu kubwa kuliko yote ni hili: tafuta habari inayokuja. Picha za mgeni rasmi akikata utepe zinapendeza, lakini mwananchi hana la kufanya nazo. Anachohitaji ni kujua jambo likiwa bado mezani, ushuru wa soko ukiwa bado ni pendekezo, au eneo la dampo likiwa bado halijachaguliwa. Tanga imekuwa jiji tangu 2005, lakini ni jiji ambalo mtu wa Makorora au Chumbageni anaweza kupanda baiskeli yake akafika kwenye mkutano wa Baraza. Wengi hawaendi kwa sababu tu hawakuambiwa.

Anza na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na umegawanywa robo nne. Robo ikiisha, wiki zinazofuata ndipo taarifa zake zinapopanda ngazi: mtaa, kata, kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Kwa hiyo robo ya Julai hadi Septemba utaisikia barazani Oktoba au Novemba, na kadhalika. Bajeti nayo ina safari yake. Vipaumbele vya mtaa huibuliwa miezi ya mwisho ya mwaka, Baraza linapitisha mapendekezo mapema mwakani, kisha yanakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri) na hatimaye bungeni. Ukisubiri Juni usikie bajeti redioni ndipo useme zahanati yenu haina choo, umechelewa kwa miezi kadhaa. Mimi mwezi wa Oktoba naandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Mtaa unataja vipaumbele. Njooni."

Kisha ujue nani anashika nini, la sivyo utawatuma watu mlango usio wao. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wananchi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Diwani anachaguliwa na kata, na mtendaji wa kata ni mwajiriwa. Juu kuna Meya, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na Mkurugenzi, ambaye ni mtendaji mkuu na ndiye katibu wa Baraza. Sasa, barabara za mitaani tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni za TANROADS, maji ni Tanga UWASA, umeme ni TANESCO. Nimeshuhudia mikutano ya mtaa ikiliwa saa nzima na lawama za mtaro wa barabara huku mwenyekiti hana hata koleo la kuuzibua. Andika malalamiko, lakini andika na ofisi inayohusika.

Ofisi ya mtaa ndiyo chemchemi yako, kwa hiyo ingia kwa adabu. Piga hodi, salimia, uliza hali ya nyumbani, kisha sema shida yako bila kuzunguka: "Shikamoo Mwenyekiti. Nimekuja kuulizia mkutano wa robo hii umepangwa lini, na kama naweza kuona muhtasari wa ule uliopita." Mtendaji ukimkuta na foleni ya watu wanaotaka barua za utambulisho, mwache amalize. Mpe namba yako, mwambie tangazo lolote likija utalifikisha. Mtendaji mmoja ana kaya nyingi na mara nyingi hana hata fedha ya kukodi kipaza sauti, kwa hiyo mtu wa kumsaidia kutangaza anamfurahia. Ukishazoeleka, yeye ndiye atakayekupigia.

Mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, na mradi ukijengwa kwa usimamizi wa jamii, kama darasa au choo cha shule, wananchi huingia kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Hili lipewe nafasi ya juu ubaoni. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa. Mtaa ukipeleka kwenye kamati hiyo mtu anayejua saruji, nusu ya malalamiko ya baadaye haitakuwepo.

Mkutano wa Baraza la Madiwani nao ni wa wazi. Unaruhusiwa kukaa viti vya wananchi na kusikiliza, ila huruhusiwi kuchangia. Kwa kawaida siku ya kwanza huwa ya taarifa za kata, diwani mmoja mmoja, na siku ya pili ni taarifa za kamati. Kamati za kudumu (ya Fedha na Uongozi; ya Mipangomiji na Mazingira; na ya Uchumi, Afya na Elimu) hukaa kabla, na huko ndiko mambo yanakopikwa. Barazani mara nyingi chakula kimeshaiva, kinapakuliwa tu. Ukitaka sauti ya mtaa isikike, mwone diwani wako kabla ya wiki ya kamati. Mpelekee karatasi yenye mambo mawili matatu yaliyoandikwa vizuri. Akiwa nayo mkononi ataisoma; ukimwambia njiani tu, atasahau, maana anaambiwa mengi.

Ukifanikiwa kuona kabrasha la kikao, yaani kitabu cha taarifa wanachogawiwa madiwani, usiogope unene wake. Mimi nafungua sehemu tatu tu. Kwanza "yatokanayo", yaani maagizo ya kikao kilichopita na utekelezaji wake. Hapo utaona jambo limeandikwa "utekelezaji unaendelea" kikao baada ya kikao, na hiyo peke yake ni habari. Pili, jedwali la mapato. Lina safu ya makisio, safu ya makusanyo halisi, na safu ya asilimia. Usishtuke kuona asilimia 22 mwishoni mwa Septemba. Robo moja ya mwaka ndiyo imepita, kwa hiyo wako karibu na njia. Lakini chanzo kikisoma asilimia 40 mwishoni mwa Machi, uliza, kwa sababu miradi iliyotegemea fedha hiyo ndiyo itakayosogezwa mwakani. Tatu, orodha ya miradi. Tazama kiasi kilichotengwa na kiasi kilichopokelewa. Mradi unaweza kuwa na mamilioni kwenye bajeti na sifuri kwenye akaunti. Mkieleza watu tofauti hiyo, wataacha kumwita mtu mwizi wa fedha ambayo haijawahi kufika.

Njia nyingine ni bango la mradi lililosimamishwa eneo la ujenzi. Linapaswa kuonyesha jina la mradi, gharama, chanzo cha fedha, mkandarasi au fundi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lipige picha siku ya kwanza, kabla jua la pwani halijafuta maandishi. Pia usidharau siku ya Mwenge wa Uhuru. Watu wengi huenda kwa ngoma na mkesha, lakini penye kila mradi husomwa taarifa yenye gharama, nguvu za wananchi, na hatua iliyofikiwa. Nenda na kalamu. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo huwekwa wazi kila Aprili, ina kitabu kizima cha serikali za mitaa. Tafuta jina la halmashauri yako ndani yake.

Mkinyimwa taarifa ambayo si ya siri, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mimi huanza na maneno mazuri, kisha barua, na nakala ya barua natunza ikiwa imegongwa muhuri wa mapokezi.

Sasa habari ya mikopo ya asilimia 10, kwa sababu hii ndiyo inayoumiza watu zaidi inapochelewa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Kuna kikundi cha wanawake wakaanga samaki ninaowajua ambao walisikia tangazo siku chache kabla ya mwisho. Biashara yao ilikuwa hai, wateja wapo, lakini katiba ya kikundi ilikuwa haijasainiwa na wote na akaunti ya benki haijafunguliwa. Wakakosa. Tangazo lilikuwepo, limebandikwa kwenye ubao wa ofisi wanayopita mara chache. Kwa hiyo mimi sisubiri tangazo. Mwaka mzima ubao wangu una kona moja isiyofutwa: katiba, usajili, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao, andiko la biashara. Kikundi kikiwa na hivyo vitano, maombi yakifunguliwa Jumatatu, Jumanne wako kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kuandika tangazo lenyewe kuna namna yake. Watu wanasoma wakiwa wamesimama, mfuko wa nyanya mkononi. Anza na wanachotakiwa kufanya. Mfano: "Jumamosi saa 4 asubuhi, uwanja wa shule. Mkutano wa mtaa. Ajenda: ada ya taka kupanda. Njoo useme kabla haijapitishwa. Ameitisha Mwenyekiti." Hapo mtu ameshajua siku, saa, mahali, jambo, na kwa nini aache shughuli zake. Ukiandika "wananchi wote mnakaribishwa kuhudhuria bila kukosa," atakuja nani? Taja asubuhi au jioni kila mara. Tangazo likiwa na ada, andika kiasi na jinsi ya kulipa: fedha ya halmashauri inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka. Anayedai mkononi bila risiti asipewe.

Shughuli za jamii zina maswali yake madogo ambayo waandaaji husahau. Kambi ya vipimo pale hospitali ya Bombo: je, kadi ya bima au kitambulisho cha NIDA vinahitajika, na mgonjwa afunge kula? Mechi ya Coastal Union au African Sports uwanja wa Mkwakwani: geti linafunguliwa saa ngapi, barabara ipi itafungwa, wenye vibanda karibu wataruhusiwa? Maulidi: kina mama wanakaa wapi, na kama tarehe inategemea mwandamo wa mwezi, liandike hilo waziwazi ili watu wasigombane na kalenda ya ukutani. Msiba nauandika tu baada ya mtu wa nyumba ya wafiwa kunithibitishia.

Kuhusu uthibitisho sina mchezo. Barua ya kweli ina kumbukumbu namba, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, na muhuri. Hata hivyo vyote vinaweza kughushiwa, hasa matangazo ya ajira yanayoomba "ada ya fomu," kwa hiyo piga simu au nenda mwenyewe ofisini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa anayojua ni ya uongo, lakini mimi nahofia zaidi siku ambayo bibi wa watu atatembea na fimbo yake hadi Usagara kufuata mchele wa msaada usiokuwepo. Nikiwa sijathibitisha, siandiki. Aliyetuma kwenye kundi nambembeleza kwa upole: "Kaka, umeitoa wapi hii? Nipe namba ya mhusika nimpigie." Asipokuwa nayo, ujumbe unafutwa.

Siasa za vyama usizilete ubaoni. Diwani wa chama chochote akitimiza ahadi, andika imetimizwa; asipotimiza, andika bado. Siku watu watakapohisi ubao una rangi, nusu ya mtaa itaacha kuusoma.

Mwisho, kuwa na daftari la mistari lenye safu nne: tarehe, kilichosemwa, aliyesema kwa cheo chake, na hali ilivyo leo. Safu ya nne iandike kwa penseli, maana itabadilika. Kabla ya kila mkutano wa mtaa nakaa na mwenyekiti dakika chache tunapitia zile zenye "bado", na anajua kwamba nitasimama kuziulizia kwenye yatokanayo. Daftari likijaa, funga kwa uzi, andika mwaka juu ya jalada, mpe mtu wa pili nakala ya picha za kurasa zake, kisha anza jipya Julai.