Zamu ya usiku kwenye shelta wakati wa baridi kali: anza na miguu

Ninajitolea usiku kwenye shelta ya watu wasio na makao hapa Chicago, na kila Januari watu wa nyumbani hunipigia simu: nije na nini, nitafanya nini? Tarehe 30 Januari 2019 mji huu ulifika nyuzi 23 chini ya sifuri kwa Farenihaiti, yaani karibu 31 chini ya sifuri kwa sentigredi, upepo haujahesabiwa. Katika baridi kama ile, ngozi iliyo wazi huanza kuganda ndani ya dakika chache. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Jiandikishe mapema

Usingoje tangazo la hali ya hewa. Shelta nyingi hukagua kwanza rekodi yako ya polisi, kisha hukupa mafunzo mafupi, na hayo huchukua muda. Oktoba ni wakati mzuri. Kama umechelewa, piga simu uulize wamepungukiwa na nini. Mara nyingi utaambiwa soksi. Nunua za sufu, kubwa kubwa. Za pamba zikilowa hazikauki upesi, na mguu mbichi hupoa haraka.

Hatua ya 2: Jivike mwenyewe

Fulana ya kubana isiyo ya pamba, sweta la sufu, koti la kuzuia upepo. Buti ziache nafasi ya kuchezesha vidole. Ukijaza soksi tatu, damu haipiti vizuri. Ukiwa na mafua, baki nyumbani. Vitanda vimekaribiana mno.

Hatua ya 3: Mlangoni

Hawa tunawaita wageni, na mgeni hupokewa. Taja jina lako, muulize lake, mpe kitu cha moto. Usimhoji kilichomfikisha hapo.

Huku ukimkaribisha, mtazame. Anapepesuka? Maneno hayatoki sawasawa? Usikimbilie kusema amelewa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za sentigredi, akili huanza kuchanganyikiwa. Ninayemwogopea zaidi ni yule aliyekuwa akitetemeka, akaacha kutetemeka, na bado ni wa baridi. Mwite msimamizi wa zamu, pigeni 911, namba ya dharura. Mkisubiri, mvueni nguo mbichi taratibu, mfunikeni kifua, shingo na kichwa kwa mablanketi makavu. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari. Pombe hapana, na msimsugue mikono wala miguu.

Hatua ya 4: Miguu

Hapa ndipo kazi ilipo. Mtu atakuambia hajambo, kumbe vidole vimekufa ganzi tangu jana. Mwombe ruhusa, mkalishe, piga magoti, fungua kamba za buti.

Usiku mmoja nilimpokea mzee ambaye hakuwa amevua buti kwa siku nne, kwa kuogopa kuibiwa. Soksi zilikuwa zimegandamana na ngozi. Sikuzivuta. Nilimimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, huku tukizungumza habari za wajukuu wake, mpaka zikaachia zenyewe. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imenyauka kama ya mtu aliyeshinda mtoni. Mguu wa namna hiyo unataka kukaushwa kwa kupapaswa na taulo, kuachwa upate hewa, kisha soksi mpya.

Ngozi iliyoganda ni jambo jingine: ni ngumu kama nta na haina hisia. Kwenye ngozi nyeusi usitafute weupe wala wekundu. Tazama rangi ya kijivu, kama majivu. Huyo anahitaji hospitali. Kama muuguzi ameagiza mguu uingizwe majini, maji yawe ya nyuzi 37 hadi 39 za sentigredi, yapimwe kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Usimruhusu kusogeza mguu kwenye hita, kwa sababu ataungua bila kujua. Mwambie mapema kwamba hisia zikirudi zitauma sana. Malengelenge usiyatumbue. Na kama mguu utarudi kuganda nje, usiuyeyushe: kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Muulize pia kama ana kisukari. Wenye kisukari wengi hawasikii vidonda vyao.

Hatua ya 5: Usiku

Toa soli za ndani za buti, jaza magazeti, andika namba ya kitanda na uziweke mahali mwenyewe anaziona. Uliza naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dawa za kulevya kama heroini, inawekwa wapi, ujue kuitumia. Anayetoka kuvuta sigara, hakikisha amerudi.

Hatua ya 6: Asubuhi

Shelta nyingi za usiku huwatoa wageni asubuhi, na kwangu hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mwandikie kila mmoja mahali pa kushinda: maktaba ya karibu, au kituo cha kuotea moto ambacho jiji humwelekeza mtu akipiga 311. Jozi moja ya soksi kavu aivae mbele yako. Ya pili aitie mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, ili akibadilisha mchana aikute ina joto.