Kumuuguza nyumbani aliyetolewa uvimbe wa mshipa wa usikivu

Mwongozo huu nauandika kwa anayeuguza, maana mgonjwa mwenyewe wiki za mwanzo kusoma kwenye simu kunamzidishia kizunguzungu. Mimi ni mfiziotherapia (mtaalamu wa tiba ya mazoezi), na wagonjwa hawa hunifikia wakishatoka wodini.

Uvimbe huu kitaalamu huitwa akustiki nyuroma, na si saratani. Ingawa watu huuita wa mshipa wa usikivu, huota kwenye mshipa wa fahamu wa mizani ya mwili (unaotuzuia kuyumba), ambao huambatana na ule wa usikivu kutoka sikio la ndani hadi kwenye ubongo. Mshipa unaoendesha misuli ya uso nao unapita hapohapo. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi nyumbani anayumba, sikio moja halisikii, na upande mmoja wa uso umelegea. Majirani watasema kapigwa kiharusi. Waache waseme, wewe una kazi.

Hatua ya 1: Andaa nyumba

Weka kiti cha plastiki bafuni aoge amekaa. Kama choo ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha choo au funga kitu imara cha kushika ukutani. Toa mikeka inayoteleza. Taa ndogo ya kuchaji ikae karibu na kitanda: mwili hupata mizani kwa sikio la ndani, macho na hisia za nyayo. Sikio la upande mmoja limeshatoka kazini, na umeme ukikatika macho nayo yametoka.

Hatua ya 2: Chunga maji ya ubongo

Maji yanayozunguka ubongo yanaweza kuvuja kupitia kidonda au pua. Mwangalie akiinama kidogo: je, puani yanadondoka maji maangavu kama ya bomba? Analalamika kuna maji ya chumvi yanayoshuka kooni? Kitambaa cha kidonda au mto umelowa? Mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Homa, shingo kukakamaa, kichwa kinachozidi kuuma, kuogopa mwanga au kuchanganyikiwa ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na hapo hakuna kusubiri kukuche.

Kuzuia uvujaji, asipenge kamasi, na akipiga chafya afungue mdomo. Asibebe vitu vizito mpaka daktari aruhusu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 na ushei, na mtoto wa miaka mitatu si mwepesi. Anayeswali aswali amekaa kwenye kiti, sijda iwe ya ishara. Choo kigumu ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji ya kutosha, na dawa ya kulainisha choo kama aliandikiwa. Vidonge vya steroidi (dawa za kupunguza uvimbe), kama amepewa, hupunguzwa kwa ratiba. Asiache ghafla kwa sababu eti kapata nafuu.

Hatua ya 3: Linda jicho lisilofunga

Hapa ndipo naona familia nyingi zinalegea, maana jicho halipigi kelele. Wengine hata hawahisi maumivu, kwa kuwa hisia za jicho nazo zimepungua. Kioo cha jicho kikikauka hupata vidonda, na uoni ukapotea.

Mchana, weka matone ya machozi ya bandia kila baada ya saa moja au mbili, au kama ulivyoelekezwa. Usiku paka dawa ya macho ya tyubu, shusha kope kwa kidole taratibu, kisha bandika plasta nyembamba ya hospitali. Kabla ya kuzima taa, mulika: ukiona mstari mweupe kati ya kope, bandua, anza upya. Kamwe usiweke shashi juu ya jicho lililo wazi, italikwaruza. Feni isielekezwe usoni. Jicho likiwa jekundu au uoni ukififia, ni daktari wa macho leo, si kliniki ijayo.

Hatua ya 4: Mfanyishe mazoezi, usimlaze

Kizunguzungu hakiponi kwa kulala. Ubongo unajifunza kutumia sikio moja pale tu kichwa kinapotembea. Dawa za kizunguzungu zinafaa siku za mwanzo. Zikiendelea wiki baada ya wiki huchelewesha somo hilo.

Daktari akiruhusu, anza hivi. Akae, anyooshe mkono, akazie macho ukucha wa kidole gumba. Ageuze kichwa kushoto na kulia huku macho hayabanduki kwenye ukucha. Sekunde 30, apumzike, kisha juu na chini. Mara tatu kwa siku, ukipanda hadi dakika moja. Ukucha ukianza kucheza, apunguze kasi. Kizunguzungu kikipanda kidogo kisha kikatulia baada ya dakika chache, kiasi hicho cha mazoezi ndicho kinachomfaa.

Baadaye asimame kwenye kona ya ukuta, miguu pamoja, wewe ukiwa mbele yake. Halafu atembee uani akigeuza kichwa. Kuogelea peke yake asahau kwanza: chini ya maji anaweza asijue juu ni wapi.

Hatua ya 5: Sikio na uso

Mkalishe sikio zima likielekea watu. Barabarani atasikia bodaboda bila kujua inatokea upande gani, hivyo atumie macho.

Usimhimize kukunja uso kwa nguvu wala kutafuna bigijii kutwa. Mshipa wa uso unaoota upya unaweza kuunganika vibaya, akicheka jicho likafunga. Asukutue kila baada ya kula, chakula hubaki kwenye shavu lililolegea.

Akipangiwa MRI (picha ya ubongo ya mashine ya sumaku) ya kufuatilia, nendeni na CD ya picha za awali ili daktari alinganishe.